Twiga wa Malindi na Zamu za Mama

Kitabu nilikiokota kwenye kreti la vitabu vya bure nje ya maktaba moja ya Columbia, mji wa Marekani anaokaa dada yangu, siku niliyokwenda kumchukua Mama kwake. Nilikuwa nimewahi na sikutaka kuingia. Kwa dada ukiwahi unapewa ndara za wageni na kuonywa usikanyage zulia la sebuleni, na siku hiyo sikuwa na subira ya zulia la mtu. Ilikuwa riwaya ya Mreno iliyofasiriwa kwa Kiingereza. Jaladani alichorwa twiga amesimama melini, kamba shingoni, anatazama mbele kama abiria aliyekata tiketi yake mwenyewe. Twiga huyo alitolewa Malindi akapelekwa Ureno kuwa zawadi ya mfalme. Mfalme wa kwanza akamtoa zawadi kwa wa pili, naye akamtoa kwa wa tatu, akawa anatembezwa kwa miguu nchi hadi nchi. Nilikitia mkobani kwa ajili ya hiyo Malindi tu. Mama ni wa Mombasa, lakini bibi yetu mzaa mama alizaliwa Malindi, nikadhani atafurahi.

Kabla sijafika kwenye twiga lazima nieleze habari ya zamu, kwa sababu ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Baba alipofariki, Mama alibaki peke yake katika nyumba yake ya Mombasa. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Springfield, akasema ni aibu mzazi mwenye watoto wanne Marekani alale na paka. Tukamleta. Hapo simlaumu mtu. Lawama yangu inaanzia kwenye radhi. Sisi watu wa pwani tumelelewa tukiambiwa kwamba mtu asiye na radhi ya mzazi hata akishika dhahabu hugeuka mkaa, na kwamba anayemtunza mzazi uzeeni ndiye anayeipata. Basi kaka akaona si haki mmoja wetu aile radhi yote. Akaandika kwenye kundi letu la simu kwamba Mama akae kwa zamu, miezi michache kwa kila mtoto, "ili kila mtu apate fungu lake." Fungu! Kama nyama ya Idd. Dada akajibu kwa kijipicha cha mikono ya dua, na ndugu yetu wa Minnesota akajibu kwa kijimoyo chekundu.

Mimi ni kitinda mimba, na kazi yangu ni kuwaosha wazee katika nyumba ya kuwatunza huko Maryland. Kwa Kiingereza kazi hiyo ina jina zuri, lakini ni kuosha, kulisha na kugeuza. Niliwaambia kwa mdomo wangu kwamba mzee ukimhamisha, kitu cha kwanza anachopoteza ni njia ya chooni. Atajikojolea, ataona haya, ataacha kunywa maji ili asijikojolee, kisha ataugua. Nimeyaona kwa macho. Kaka akanijibu, "Hao ni Wazungu, wametupwa. Mama ana sisi."

Basi Mama akawa na sisi. Mkono wa kaka, mkono wa dada, mkono wangu, tena wa kaka. Wa Minnesota alikwepa zamu yake ya kwanza kwa visingizio vya kazi, nasi tukanyamaza kwa sababu ni mwanamume na ana maneno matamu.

Kila alipohamishwa palikuwa na sherehe. Nyumba ilifukizwa udi mpaka ving'ora vya moshi vya Wamarekani vinapiga kelele, Mama akarashiwa marashi mlangoni, akavishwa leso mpya iliyokunjwa, bado ina harufu ya duka, na wifi yangu, mke wa kaka, akawa anachukua video. Mara moja nilikuwepo. Ilikuwa baridi ya kukata masikio. Mama alikuwa ameshaingia, ameshavua viatu, ameshasema Alhamdulillahi, wifi akatazama simu yake akasema, "Ai, Mama, haiku-record! Hebu toka kidogo uingie tena." Na Mama, mwanamke aliyetuzaa na kutuchapa, akavaa viatu vyake akatoka nje kwenye baridi, akasimama barazani, akaingia tena akitabasamu. Niliitazama ile video baadaye. Chini yake watu waliandika mashaallah mpaka wakachoka.

Sherehe ikiisha, ndipo maisha yanapoanza. Mgeni siku ya kwanza mpe mchele na samaki wa panza, walisema wazee, na wakaendelea mpaka siku za mwisho ambapo hata mlango hafunguliwi. Kwa kaka, Mama aliwekwa chumba cha chini, kwa sababu ya magoti yake, walisema, ingawa choo kilikuwa juu. Akajikojolea. Wifi akatandika karatasi ya nailoni chini ya shuka, karatasi inayolia kila Mama akijigeuza, na akawa anapuliza manukato ya kopo hewani huku Mama amekaa palepale. Nilimkuta akipuliza. Nikamuuliza, "Wifi, unampulizia mama mkwe wako kama mende?" Akasema ni harufu ya mafuta ya samaki. Hakuna samaki aliyepikwa nyumba ile wiki nzima.

Kwa dada hakukuwa na harufu, kwa sababu kwa dada hakukuwa na kitu. Mama alikaa kwenye kiti kimoja karibu na dirisha, mbali na zulia. Watoto wa dada wanakisikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na Mama alikuwa anawasalimia asubuhi naye anaambiwa "Hi, Bibi" na migongo inayokimbilia basi la shule. Jioni dada alipiga naye picha moja, akaituma kundini akaandika, "Pepo yangu."

Nami je? Kwangu ni mtaa wa Columbia Heights, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya tatu, juu ya barabara yenye kelele. Mama alilala kitandani, mimi kwenye kochi. Kwa muda mrefu alichanganya Columbia ya dada na hii yangu, na asubuhi alikuwa akiamka ananiuliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kukanyaga mkeka. Swali hilo lilikuwa linanipandisha hasira nikiwa hata sijanywa chai.

Kazi yangu ilikuwa ya alasiri, kwa hiyo asubuhi ndiyo tulisoma. Mimi nasoma Kiingereza kimoyomoyo kisha namwambia kwa Kiswahili, naye anavua miwani, anafumba macho, anachovya hamri kwenye chai. Mwanzoni alicheka sana. Alicheka Wareno walivyojaribu kumpandisha twiga melini. Alicheka askofu mmoja aliyeandika waraka kuthibitisha kwamba mnyama mwenye shingo ile yuko karibu zaidi na Mungu. Katika kila mji palikuwa na tarumbeta, wasichana wakitupa maua, mwenye mji akitoa hotuba. Baada ya siku chache twiga anakula bustani ya mwenye mji na kunya kwenye kiwanja cha kanisa. Hapo ndipo mwenye mji anapogundua kwamba ana rafiki mpendwa mahali fulani mbali ambaye anastahili zawadi kubwa.

"Na mavi yake nani aliyazoa?" Mama aliuliza.

Nikatafuta. Mwandishi hakusema. Alikuwa amejaza kurasa nzima kwa mavazi ya waheshimiwa, na uvundo ameusema kwa mzaha, kwa maneno ya kupendeza kabisa, kisha akapita. Nikamchukia. Mimi naishi kwa kuzoa, na mtu anayeusifia uvundo bila kumtaja mzoaji simwamini hata kama ana kipaji. Nilimwambia Mama kwamba Mreno hajaandika.

"Ataandikaje? Hakuzoa yeye," alisema. "Haya, n'ambie, walimwita nani huyo mnyama?"

"Kila mji ulimpa jina lake."

"Maskini. Basi hata akiitwa hajui kama ni yeye."

Kadiri kitabu kilivyokwenda, kicheko chake kilipungua. Walipofika milimani kwenye theluji na twiga akaanza kuteleza, aliniambia nifunge. Nilidhani amechoka. Kesho yake alisema tusiendelee.

"Zimebaki kurasa chache tu, Mama. Hutaki kujua mwisho wake?"

"Mwisho naujua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata awe na shingo ndefu namna gani."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote tangu aje. Alitaka kurudi kwake. Nyumba yake ya Mombasa ilikuwa imepangishwa kwa mwalimu mmoja na mkewe, kaka ndiye aliyesimamia, na Mama alikuwa amefikiri mambo yote: mwalimu abaki na vyumba vya mbele, yeye achukue chumba cha uani chenye choo jirani, na binti wa shangazi yetu aje alale naye. Angekufa pale. Alilisema hilo bila huzuni, kama mtu anayepanga mapishi. Kila Ijumaa alikuwa akimpigia kaka simu na kumwomba ampe mwalimu salamu, amkumbushe kumwagilia mti wake wa mkilua uliopo karibu na kisima. Na kila Ijumaa kaka alimletea majibu. Mwalimu anakusalimu sana, Mama. Mkilua umetoa maua, Mama.

"Kwa nini hujawaambia wenzangu?" nilimuuliza.

"Mzazi haombi kwa watoto wake, mwanangu. Akiomba ni kama amewashtaki."

Hiyo ndiyo adabu yetu, na adabu hiyo ndiyo iliyotumika kumzungusha. Yeye haombi, sisi hatuulizi, na kila mtu anaita ukimya huo heshima. Nilimwambia safari hii aombe. Wa Minnesota alikuwa ameishiwa visingizio, zamu yake imefika, na ilikuwa katikati ya majira ya baridi. Tiketi kaka alishakata. Mama akienda kule na magoti yale, kwenye barafu ile, asingerudi Mombasa isipokuwa ndani ya sanduku. Alikusanya makombo ya hamri kwenye kiganja chake. Akasema ataomba mbele ya watu, siku ya kumsindikiza, kwa sababu mbele ya watu kaka yangu ni mtoto mwema sana.

Sherehe ya kumsindikiza ilifanyika kwa kaka, Springfield, Jumapili mchana, na Mama nilikuwa nimemfikisha huko siku mbili kabla. Magari yalijaa mpaka kwenye nyasi za jirani. Palikuwa na biriani kwenye masinia ya foili, kachumbari, mahamri, na chupa za chai zilizopangwa mstari. Ndugu yetu wa Minnesota alikuwepo kwa simu, sura yake ikiegemezwa kwenye chupa mojawapo ili aone. Mama aliketishwa kwenye kiti cha katikati kilichofunikwa kitambaa cha harusi. Kitambaa cha harusi, jamani, kwa mjane. Watu wakawa wanapanga foleni kumbusu mkono na kumwomba radhi na dua, wengine vidole vimejaa mafuta ya biriani, na Mama kila baada ya wachache anajifuta kwa leso yake polepole ili asiwaudhi.

Mtoto mdogo wa kaka akamvuta babake shati. "Is Bibi leaving again?"

"Anaenda ku-visit, baba. Ku-visit tu."

"But she just came."

Kaka akagonga glasi kwa kijiko.

"Ndugu zangu, jamaa zangu," alisema, na sauti yake ikaanza kutetemeka mahali palepale inapotetemeka siku zote. "Hapa Amerika mzee ana-outsource-iwa. Wanamdampu nursing home, wanasahau. Sisi hatujafanya hivyo, na hatutafanya. Huyu mama tumem-share. Kila mtoto amepata baraka yake. Leo namkabidhi kwa ndugu yangu, tena namkabidhi kwa moyo mweupe, kama zawadi."

Watu wakasema mashaallah. Nilimwangalia yule mwanamume aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na nikahisi kinyaa kama cha mtu aliyetia mkono ndani ya maji ya vyombo yaliyolala. Alipiga magoti mbele ya Mama, simu ya wifi ikamfuata mpaka chini.

"Mama, tupe radhi yako kabla hujaondoka."

Mama alimshika kichwa. "Radhi n'nayo, mwanangu. Nyote mtaipata. Lakini nitawapa nikifika kwangu. Mimi siendi huko kwenye barafu. Nirudishe Mombasa, unipe chumba changu cha uani, mwalimu abaki mbele. Sina ninachotaka kingine."

Kaka akacheka kidogo, akatazama wageni. "Mombasa iko palepale, Mama, haitoroki. Tuta-plan. Summer hivi."

Hapo akadakia bibi mmoja mgeni, aliyekuja kutoka Mombasa kumtembelea binti yake, mtu mwema asiyejua kitu. Alikuwa na sahani mapajani.

"Lakini chumba gani cha uani, dada?" alimuuliza Mama. "Si ile nyumba yenye kisima, nyuma ya msikiti? Mbona ilivunjwa zamani? Pale sasa pana ghorofa. Mimi nilidhani nyinyi ndio mliouza, nikasema hao Mungu amewajaalia."

Nakumbuka dada yangu alivyotazama zulia la watu wengine, na nikajua kwamba alikuwa anajua. Mimi nilikuwa nimeambiwa hadithi ya mwalimu kama Mama. Kwenye chupa ya chai, uso wa ndugu yetu wa Minnesota ulitoweka. Alikuwa amekata simu.

"Mama, hili tungeliongea sisi wenyewe baadaye," kaka alisema, bado yuko magotini. "Ilikuwa imekaa bure. Ilikuwa ni waste. Tuliona wewe uko na sisi huku, una nyumba nne."

"Mwalimu yuko wapi?" Mama aliuliza.

Kaka akageuka kutazama ile chupa ya chai.

"Nakuuliza mwalimu. Niliyempelekea salamu."

"Hakuna mwalimu, Mama."

"Na salamu alizokuwa akinirudishia?"

Kaka yangu akainamisha kichwa. Ndipo nilipomwelewa. Kila Ijumaa alikuwa anakaa ndani ya gari lake, labda kwenye foleni ya njia panda ya Springfield, anatunga salamu za mtu ambaye hayupo na maua ya mti uliokwisha kung'olewa. Uongo wa kuuza nyumba unauzoea, watu huuza. Lakini kutunga yale maua wiki baada ya wiki, kwa sauti ile ya upole! Nilimwambia mbele ya wageni wake wote kwamba ananuka. Nilisema hivyohivyo, unanuka, wala si samaki. Wifi akaanza kulia, na nilifurahi kuona kwamba angalau amezima simu.

Mama hakulia wala hakumlaani mtu. Nilikuwa nangoja alaani. Nilitaka alaani, nasema ukweli, nilitaka aikusanye radhi yake yote kama nguo zilizoanikwa kamba inapokatika na aondoke nayo. Badala yake alimwondolea kaka punje ya wali kwenye ndevu, akamwambia ainuke asije akaumia magoti. Kisha akauliza chumba kizima, bila kumwelekea mtu, kama anayeuliza saa:

"Haya. Sasa ni zamu ya nani?"

Wageni wenye haya walianza kutafuta viatu vyao. Yule bibi wa Mombasa alikuwa ameweka sahani chini na kujifunika uso kwa ukaya, akisema hakujua, wallahi hakujua. Mimi nikaenda chumba cha chini kuchukua koti la Mama. Lilikuwa limetandazwa juu ya ile karatasi ya nailoni, maana kitanda kilikuwa kimeshavuliwa shuka.

Niliporudi nikamwinua kwenye kile kiti cha harusi. Alikuwa mwepesi kuliko wazee wengi ninaowainua kazini. Nikamwambia sikioni kwamba hakuna zamu tena, hakuna Minnesota, kwamba sitampeleka kwa mtu.

"Twende nyumbani, Mama," nikasema. "Pale ni kwako."

Alinyoosha mikono nyuma, mmoja kisha wa pili, nimvalishe koti.

"Kwangu kumeuzwa," alisema. "Twende kwako."